Kitabu cha Matengenezo ya Trekta: Namna ya Kukipanga Ili Neno Litakiwalo Lionekane Upesi

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wakulima wenye trekta au lori, hasa wale waliojiunga katika chama wakanunua trekta moja kwa fedha za wote. Haikusudii kumfundisha mtu ufundi wa injini. Kazi hiyo ina walimu wake. Makusudi yake ni kuonyesha jinsi kitabu cha matengenezo, ambacho mara nyingi hulala kabatini pasipo faida, kiwezavyo kupangwa hata dreva au mwandishi wa chama akakifungua mahali panapotakiwa kabla chai yake haijapoa.

Huenda msomaji akasema, "Kitabu ninacho, na fundi yuko mjini, nina haja gani ya kukipanga?" Kwa hiyo nitaeleza kwanza jambo lililotupata sisi wenyewe.

KISA CHA MASIKA MOJA

Katika bonde moja la mkoa wa Morogoro chama cha wakulima kilikuwa na trekta la dizeli. Mvua za kwanza za masika ziliponyesha, kila mwanachama aliandikiwa siku yake ya kulimiwa. Siku ya tatu trekta lilikohoa mara mbili, likazima katikati ya shamba. Stata ilizunguka vizuri, lakini injini haikuwaka.

Nikaitwa mimi, kwa kuwa nasoma Kiingereza. Nikaletewa kitabu kinene, kurasa zake za mwanzo zimechakaa, nyingine zimenata kwa oili. Nikatafuta chini ya jina la injini, nisione kitu. Nikasoma ukurasa mmoja mrefu juu ya plagi, nisijue kwamba ukurasa ule ni wa injini ya petroli, wala si ya dizeli kama yetu. Wakati nisomapo, kijana mmoja mwenye haraka alianza kufungua mabomba ya nozeli, akapinda moja.

Fundi alifika kutoka mjini siku ya nne. Aliuliza swali moja tu: "Juzi dizeli ilikwisha tangini?" Naam, ilikwisha, nasi tulijaza kwa debe tukaendelea. Basi hewa ilikuwa imeingia katika mabomba. Fundi akalinyoosha bomba lililopindika, akalegeza skrubu mbili, akapiga pampu ya mkono, na kwa muda usiozidi nusu saa injini ikawaka. Kisha akakichukua kitabu chetu akatuonyesha maneno yale yale aliyoyatenda. Yalikuwamo siku zote, katika sehemu ya mafuta. Vidole vyangu vilikwisha kupita juu yake mara mbili.

Siku nne zilikuwa zimepotea. Baadaye mvua ikazidi, udongo mweusi ukawa matope, trekta lisiweze kuingia shambani kwa muda wa juma zima. Waliokuwa mwisho wa orodha walipanda mahindi kwa kuchelewa, na mvua ilipokatika mahindi yao yalikuwa yangali yakitoa mbelewele. Mmoja wao alikuwa mama mjane mwenye ekari mbili, aliyelipa fungu lake mapema kuliko wengi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, wala mimi sikupata neno la kumwambia.

Jambo kama hili si geni katika nchi yetu. Mpango mkubwa wa karanga uliofanywa Kongwa, Urambo na Nachingwea tangu mwaka 1947 hata ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa na matrekta mengi, mengine yamenunuliwa yakiwa yamekwisha tumika, ya namna mbalimbali. Mengi yalisimama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Trekta halilimi kwa chuma chake peke yake. Hulima kwa maarifa yaliyo karibu nalo.

SABABU YA NENO KUTOONEKANA

Mtengenezaji hupanga kitabu chake kwa kufuata mwili wa mashine: injini, kisha maji ya kupozea, mafuta, umeme, klachi, na kadhalika. Mpango huo ni mzuri kwa fundi ajuaye kiungo kilichougua. Bali mtu aliye shambani hajui kiungo; ajua dalili tu. Aona moshi, asikia mlio, au aona jembe limekataa kunyanyuka.

Ni kama kitabu cha nyimbo kanisani. Nyimbo zimepangwa kwa namba, lakini mtu akumbukaye mstari wa kwanza tu hawezi kuuona wimbo wake kwa namba asiyoijua. Ndiyo sababu nyuma ya kitabu imewekwa orodha ya mistari ya kwanza. Kitabu cha trekta nacho chataka orodha ya namna hiyo. Orodha hiyo mtengenezaji huiweka fupi mno, au huitawanya mwisho wa kila sehemu. Basi yatupasa kuitunga wenyewe.

1. KWANZA IJUE MASHINE YAKO NA VITABU VYAKE

Vitabu viko vya namna tatu, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni kitabu cha dreva, chembamba, chenye habari za kuendesha, kutia oili na grisi. Cha pili ni kitabu cha fundi, kinene, chenye habari za kufungua na kufunga. Cha tatu ni kitabu cha vipuri, chenye picha na namba za kuagizia. Andika jina la kila kimoja mgongoni kwa herufi kubwa, ili mtu asipoteze saa nzima akitafuta kipimo cha oili katika kitabu cha vipuri.

Kisha soma kibati cha namba kilicho juu ya trekta, na namba iliyopigwa katika injini, uziandike zote ndani ya jalada. Usidharau herufi moja. Trekta la Ferguson la namna ya TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, huonekana kwa macho kuwa ni trekta moja; lakini lenye alama TEA latumia petroli, lenye TED latumia mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, na lenye TEF latumia dizeli. Ndivyo ilivyo hata leo: kitabu kimoja huweza kueleza injini mbili au tatu.

Ukiisha kujua injini yako, chukua penseli ya rangi upige mstari mmoja wa mshazari juu ya kila ukurasa usiokuhusu. Usiung'oe, maana huenda chama kikanunua trekta jingine. Lakini mstari ule utamzuia msomaji asifanye kosa nililofanya mimi.

2. GAWA KITABU KWA NDIMI ZA KITAMBAA

Chukua vipande vya kitambaa kigumu, upana wa vidole viwili, ukavigundishe ukingoni mwa ukurasa wa kwanza wa kila sehemu, vichomoze nje kama ndimi. Kila ulimi ushuke chini kidogo kuliko ulioutangulia, ili yote ionekane kitabu kikiwa kimefungwa. Andika herufi kwa wino usiofutika kwa maji. Sehemu nane zatosha:

A. Injini
B. Maji ya kupozea, rejeta na feni
C. Mafuta: tangi, machujio, pampu na nozeli
D. Umeme: betri, stata, taa
E. Klachi na giaboksi
F. Difu, ekseli ya nyuma na haidroliki
G. Usukani, breki na magurudumu
H. Oili na grisi

Usizidishe sehemu. Mtu akiona ndimi ishirini atachanganyikiwa kama aliyeona kurasa mia tatu. Tena angalia namna kurasa zilivyohesabiwa. Vitabu vingi huanza hesabu upya katika kila sehemu, hata kukawa na ukurasa wa 5 mara nane. Kwa hiyo andika daima herufi pamoja na namba: C 5, wala si 5 peke yake.

Gundi ya unga iliyopikwa nyumbani haifai, kwa sababu mende huipenda na panya pia. Tumia gundi ya dukani, au ushone ulimi kwa uzi.

3. TUNGA DAFTARI LA DALILI

Hii ndiyo kazi iliyo kubwa kuliko zote, na yastahili kupewa jioni mbili tatu. Katika daftari la kawaida andika kila dalili kwa maneno ambayo dreva huyasema kinywani mwake. Usiandike kama fundi. Dreva hasemi, "Mfumo wa kupoza una hitilafu", asema, "Inachemka." Basi andika "Inachemka."

Chini ya kila dalili panga sababu kwa utaratibu huu: itangulie ile iwezayo kutazamwa kwa macho bila chombo, kisha itakayo spana moja, na mwisho ile ya fundi peke yake. Mbele ya kila sababu andika herufi na ukurasa wa kitabu. Huu ni mfano; kurasa utazijaza mwenyewe kwa kufuata kitabu chako.

INJINI HAIWAKI, STATA INAZUNGUKA. Dizeli imekwisha, au bomba la tangi limefungwa (C). Kizimio hakikurudishwa mahali pake (C). Hewa imeingia katika mabomba (C). Chujio la dizeli limeziba (C). Pampu au nozeli ni mbovu: mwite fundi.

STATA HAIZUNGUKI. Gia haiko mahali pa kuwashia (E). Vichwa vya betri vina kutu au vimelegea (D). Betri imekufa nguvu (D). Stata yenyewe ni mbovu: mwite fundi.

INACHEMKA. Makapi na mbegu za nyasi zimefunika uso wa rejeta (B). Maji yamepungua (B). Mkanda wa feni umelegea au umekatika (B). Mzigo umezidi nguvu. Themostati haifunguki (B). Maji hupungua tena na tena wala hayaonekani yakivuja: mwite fundi.

MOSHI MWEUSI. Chujio la hewa limejaa vumbi (A). Jembe limezama mno. Nozeli zachuruzika: mwite fundi.

MOSHI WA BULUU. Oili imezidi kipimo (H). Oili yaungua ndani ya silinda: mwite fundi.

JEMBE HALINYANYUKI. Oili ya haidroliki imepungua (F). Mzigo wazidi uwezo. Chujio la haidroliki limeziba (F). Pampu imechoka: mwite fundi.

BREKI YAVUTA UPANDE MMOJA. Pumzi ya matairi hailingani (G). Breki mbili hazikurekebishwa sawa (G). Oili imevuja juu ya breki: mwite fundi.

Maneno "mwite fundi" yana faida kubwa. Humwambia mtu mahali pa kukomea, na kijana mwenye spana mkononi hukosa ruhusa ya kupinda bomba.

4. KARATASI YA NAMBA

Ziko namba ambazo hutafutwa kila mwezi: kiasi cha oili na namna yake, pumzi ya matairi ya mbele na ya nyuma, nafasi ya valvu, mlegeo wa mkanda wa feni, na nguvu ya kukazia boliti kubwa. Ziandike zote katika karatasi moja ngumu, uibandike ndani ya jalada la mbele. Mmoja aandike, na wa pili azisome kwa sauti akizilinganisha na kitabu. Namba moja iliyokosewa ni mbaya kuliko kutokuwa na namba.

Hapa pana mtego wa vipimo. Vitabu vya zamani vya Uingereza na Marekani hutumia inchi, pauni na galoni. Vyombo vingi vya siku hizi vimeandikwa milimita, baa na lita. Kumbuka haya:

Inchi 1 ni milimita 25.4. Kwa hiyo nafasi ya inchi 0.012 ni kama milimita 0.30.
Galoni 1 ya Uingereza ni lita 4.55, lakini galoni 1 ya Marekani ni lita 3.79 tu. Tazama kitabu kilitoka wapi kabla ya kumimina oili.
Baa 1 ya pumzi ni pauni 14.5 kwa inchi mraba.
Pauni-futi 1 ya kukazia ni Newton-mita 1.36.

Namba hii ya mwisho imevunja boliti nyingi. Pauni-futi 60 ni sawa na Newton-mita 81. Mtu akisoma 81 katika kitabu, naye ana spana ya kupimia iliyoandikwa pauni-futi, atakaza kupita kiasi kwa zaidi ya theluthi, na boliti hukatika au meno yake huchunika. Basi usiandike namba tupu. Andika na kipimo chake.

5. ORODHA YA MAJINA

Kitabu kina majina yake, na karakana ina majina yake. Tunga orodha ya majina ya karakana kwa utaratibu wa alfabeti, kila jina na ukurasa wake. Kitu kimoja kikiwa na majina mawili, kiandike mara mbili. "Mkanda wa feni" uonekane chini ya M, tena "feni, mkanda wake" chini ya F. Usimwambie mtu, "Tazama kwingine"; mpe ukurasa papo hapo. Andika majina kwa umoja: "chujio," wala si "machujio," ili herufi zisitawanyike.

6. KURASA ZA KWENDA NAZO SHAMBANI

Kitabu kizima kisitoke ofisini. Kazi ambazo dreva huzifanya mwenyewe zinakiliwe kwa Kiswahili, kila kazi ukurasa mmoja, zitiwe ndani ya mfuko wa plastiki na kukaa katika sanduku la vyombo. Haya ni maneno ya ukurasa wetu wa kutoa hewa katika trekta la dizeli la namna yetu. Wewe fuata utaratibu wa kitabu chako.

Jaza tangi, fungua bomba lake. Futa vumbi juu ya chujio na pampu. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio, upige kishikio cha pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha ukaze. Fanya vivyo hivyo kwa skrubu za pampu kubwa, ukianza na ya chini. Legeza nati za mabomba penye nozeli, zungusha injini kwa stata mpaka dizeli itoke, ukaze nati, uwashe.

Maonyo yaandikwe kwa wino mwekundu juu kabisa ya ukurasa, kabla ya kazi yenyewe. Kwa ukurasa huu onyo ni hili: usiweke mkono wala uso mbele ya dizeli itokayo kwa nguvu penye nozeli, maana huweza kupenya ngozi na kuleta jeraha baya, aliyepigwa nayo apelekwe hospitali mara moja, hata tundu likiwa dogo. Kwa ukurasa wa rejeta: usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Kwa ukurasa wa haidroliki: usiingie chini ya jembe lililonyanyuliwa kwa haidroliki peke yake, weka gogo au kigingi cha chuma.

Simu yenye kamera nayo yafaa kwa kupiga picha za kurasa. Lakini kila picha ipewe jina lile lile la kitabu, kama C 5, la sivyo zitachanganyika na picha za arusi. Tena karatasi haiishi moto wa betri katikati ya shamba.

7. KIJARIBU KITABU, TENA UKISAHIHISHE

Kazi ikiisha, mwite mtu ambaye hakushiriki kuifanya. Mpe kitabu na daftari, umtajie dalili moja, utazame saa. Akiuona ukurasa kabla ya dakika moja kupita, kazi ni njema. Akikawia, usimkemee yeye. Uliza alitafuta neno gani kwanza, ukaliandike neno hilo katika orodha. Fanya hivyo kwa watu watatu au wanne.

Kila trekta lifanyiwapo kazi, andika pembeni mwa ukurasa tarehe, saa za injini, na lililoonekana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miaka miwili maandishi hayo ya pembeni yatakuwa na thamani sawa na kitabu chenyewe.

Katika chama chetu masika yaliyofuata trekta lilizima tena, na sababu ilikuwa ile ile ya dizeli kukwisha. Dreva alifungua sanduku, akasoma ukurasa wake, akatoa hewa. Mimi nilipata habari jioni, kazi ikiwa imekwisha. Siku ile zamu ya kulimiwa ilikuwa ya yule mama mjane. Safari hii tulikuwa tumemwandika wa kwanza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Andika namba ya trekta na ya injini ndani ya jalada.
Piga mstari juu ya kurasa zisizo za injini yako.
Weka ndimi nane, na kila ukurasa uutaje kwa herufi na namba.
Daftari la dalili liandikwe kwa maneno ya dreva, sababu nyepesi zikitangulia.
Kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake, nayo isomwe na watu wawili.
Onyo litangulie kazi.
Kitabu kijaribiwe kabla ya mvua.

Kazi hii yote hugharimu daftari moja, kipande cha kitambaa, gundi na jioni chache za kiangazi. Mwenye kuifanya sasa, wakati trekta limelala bandani, hatajuta mawingu yatakapokusanyika.